Karume: Baharia aliyeipa Yanga nyumba na Simba jina

KWA kijana wa Dar es Salaam wa leo, Karume ni kituo cha daladala. Konda akiita Karume, anayeshuka anakwenda kusaka nguo na viatu vya mtumba pale sokoni Ilala, au anakwenda kwenye ofisi za TFF zilizoko kwenye ule uwanja wa jirani. Wachache sana wanajiuliza mwenye jina lile alihusika vipi na mpira hadi nyumba ya soka la nchi hii ikaitwa kwa jina lake.

Alihusika kweli, na si kidogo. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, ameacha alama kwenye klabu mbili za Kariakoo ambazo zinagawa nchi nzima kila zinapokutana. Klabu moja inalala kwenye nyumba aliyosaidia kuijenga. Nyingine inaitwa kwa jina alilohimiza lipatikane.

Aliuawa Aprili 7, 1972. Zaidi ya nusu karne imepita, lakini ukitembea kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Jangwani, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, bado unatembea ndani ya kazi yake.

MTOTO WA NG'AMBO

Karume alizaliwa mwaka 1905, na wasifu wake rasmi unataja Mwera, Unguja. Wapinzani wake wa kisiasa baadaye walimwita mgeni kutoka bara, maneno ambayo yalimfuata hadi uzeeni na ambayo hayakumzuia hata siku moja.

Shule hakukaa sana. Akiwa kijana mdogo aliingia baharini, akafanya kazi melini na kuzunguka bandari za dunia. Aliporudi Unguja aliongoza mabaharia wenzake wenye mashua za mota, waliokuwa wakivusha abiria kutoka kwenye meli kubwa kuwaleta pwani. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili: kupanga watu wa kipato cha chini wakawa kitu kimoja, na kubishana na wakubwa wa bandari bila kutetemeka.

Wakati huo huo alikuwa mtu wa mpira. Maisha yake ya ujana yalikuwa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja walikokaa Waafrika na watu wa kazi za mikono, na klabu yake ilikuwa African Sports. Isichanganywe na African Sports ya Tanga, Wana Kimanumanu. Hii ilikuwa ya Unguja, na ndiyo iliyokusanya vijana wa Kiafrika kabla ya siasa kuwakusanya.

Hapo ndipo pa kuelewa kila kitu kilichofuata. Katika miaka ya 1930, Mwafrika wa Unguja au wa Dar es Salaam hakuwa na mahali pengi pa kuitisha kikao. Chama cha siasa hakikuruhusiwa kirahisi, lakini timu ya mpira haikumtisha mtawala. Kwenye timu kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la wanachama na ada ya kila mwezi. Watu walijifunza kuendesha chama huku wakidhaniwa wanacheza tu.

Waliotoka kwenye klabu za aina hiyo ndio walioijaza African Association ya Zanzibar, na Karume akaja kuwa Rais wake.

MNAZI MMOJA MBILI

Dar es Salaam mambo yalikuwa yale yale. Miji hii miwili ina uwanja wenye jina moja, Mnazi Mmoja, na yote miwili ilikaa kama mpaka. Unguja, Mnazi Mmoja iko kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Dar es Salaam, iko kati ya Uhindini na Kariakoo. Mkoloni aliacha nafasi wazi ili watu wasichanganyike, watu wakaigeuza kuwa uwanja wa mpira.

Kariakoo yenyewe jina lake limetoka kwenye kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walipoondoka, mtaa ukabaki na jina. Wakaja wachuuzi wa sokoni, makuli wa bandarini, mafundi wa reli, makarani, waswahili wa nyumba za vyumba sita zenye korido katikati na uani nyuma.

Katika mitaa hiyo, mwaka 1935, ilizaliwa Young Africans. Mwaka uliofuata, 1936, ikatokea klabu ya pili baada ya kundi moja kutofautiana na wenzao na kujitenga. Hiyo ya pili ilipita kwenye majina kadhaa: Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Wazee wakalifupisha, wakaita Sanda.

Zote mbili zilikuwa timu za ridhaa kwa maana halisi. Mchezaji aliamka asubuhi akaenda kazini kwake, jioni akaja mazoezini. Hakukuwa na mshahara wa kuchezea mpira. Timu iliishi kwa ada za wanachama, makusanyo ya mlangoni na mfuko wa mfanyabiashara wa sokoni aliyeguswa. Jezi zilifuliwa nyumbani kwa mtu. Kikao kilifanyika barazani kwa mtu. Mwenye baraza akikasirika, klabu haina pa kukutania.

Mita chache kutoka hapo, kwenye Mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, ilikuwepo nyumba ya African Association ya Tanganyika, chama kilichoanzishwa mwaka 1929. Ni kwenye nyumba hiyo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Wanachama wa Yanga, wanachama wa TANU na wauza samaki wa Kariakoo mara nyingi walikuwa watu wale wale, kadi tofauti tu mfukoni.

KUTOKA MASHUANI HADI IKULU

Februari 1957, African Association ya Zanzibar na Shirazi Association ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi Party, Karume akiwa kiongozi. Julai mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na yule baharia asiye na elimu kubwa akambwaga Ali Muhsin, kiongozi msomi wa chama cha ZNP, katika jimbo la Ng'ambo.

Chaguzi zilizofuata zilikuwa za moto na damu ilimwagika. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, ASP ilikuwa nje ya serikali. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi, na Karume akawa Rais. Aprili 26 mwaka huo Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Ghafla mtu wa Ng'ambo akawa kiongozi wa pili kwa ukubwa katika jamhuri nzima, mwenye ofisi pande zote mbili za bahari.

Alikuwa kiongozi wa vitendo, na alipenda vitu vinavyoonekana kwa macho. Alitaka kuona matofali. Nyumba za Kikwajuni, maghorofa marefu ya Michenzani, yote ni mawazo yake. Mwaka 1970 Unguja ikafungua Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China. Kwa mtu aliyekulia kwenye mpira wa viwanja vya mchanga, uwanja wenye majukwaa ulikuwa na maana kuliko hotuba kumi.

Lakini historia yake haiwezi kusimuliwa upande mmoja. Chini ya utawala wake Zanzibar haikufanya uchaguzi. Watu walifungwa, wengine walipotea, na baadhi ya waliokuwa wenzake kwenye Mapinduzi hawakurudi majumbani kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 visiwa vilikuwa na akiba kubwa ya fedha za karafuu, huku wananchi wakipanga foleni za chakula. Mkono uliokuwa mwepesi kujenga ulikuwa mzito kwa wanaompinga. Wapenzi wa soka wa bara wanaomkumbuka kwa wema wakumbuke pia kwamba kuna familia za Unguja zinamkumbuka kwa namna nyingine.

YANGA YAPATA PAA

Tuje Jangwani. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ndiyo iliyofungua vitabu kwa kuchukua ubingwa wa 1965 na 1966. Mwaka 1967 ukaenda kwa Cosmopolitan, timu nyingine ya Dar es Salaam. Baada ya hapo Yanga ikashika usukani ikagoma kuuachia: 1968, 1969, 1970, 1971 na 1972. Miaka mitano mfululizo.

Juni 1, 1968, Yanga iliitandika Sunderland mabao 5-0, kipigo ambacho kilikaa rohoni mwa watu wa Msimbazi kwa miaka tisa, hadi walipolipa kwa 6-0 Julai 19, 1977. Mwaka 1969 Yanga ikafika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Sare ya 1-1 huku, sare ya 1-1 kule, mshindi akaamuliwa kwa bahati nasibu. Bahati ikaenda Kumasi. Mwaka 1970 wakakutana tena hatua ile ile, na Kotoko wakapita tena, safari hii kwa mabao ya uwanjani.

Sasa fikiria: timu iliyosimama na mabingwa wa Afrika Magharibi bila kufungwa ndani ya mechi mbili, nyumbani kwake haina nyumba ya hadhi hiyo. Mabingwa wa nchi walikuwa na vikombe vingi kuliko vyumba.

Hapo ndipo Karume alipoingia. Kwa historia inayosimuliwa na klabu yenyewe, ni yeye aliyetoa msaada mkubwa uliowezesha ujenzi wa jengo la makao makuu kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilikuwa jengo la ghorofa, lenye ofisi, kumbi na vyumba vya wachezaji kulala, na nyuma yake uwanja wa mazoezi ulioitwa Kaunda, kwa heshima ya Rais wa Zambia.

Tusiipime zawadi hiyo kwa macho ya leo, ambapo Kariakoo kila kona kuna ghorofa na kila ghorofa lina fremu za maduka. Wakati ule sehemu kubwa ya mtaa ilikuwa nyumba za chini za mabati. Soko kubwa lenyewe, lile lililochorwa na Beda Amuli, lilikuwa bado linajengwa na lilikuja kufunguliwa mwaka 1975. Klabu ya mpira, tena ya watu wa kawaida, kumiliki ghorofa yake si mchezo. Mwanachama mwenye kadi alikuwa na mahali pa kwenda akasema hapa ni kwangu, na hakuna mwenye baraza wa kumfukuza.

Kwa nini Karume? Mtu aliyejifunza uongozi ndani ya African Sports alijua klabu isiyo na mlango wake ni klabu ya kukodi. Na Yanga kwake haikuwa timu ya ugenini. Ilikuwa African Sports ya ng'ambo ya pili ya bahari, yenye watu wa aina ile ile na jina linalofanana.

SANDA YAGEUKA SIMBA

Msimbazi nako alifika, kwa njia nyingine.

Sunderland ni mji wa kaskazini mashariki mwa England. Klabu yake, yenye jezi nyekundu na nyeupe, ilikuwa bingwa wa England msimu wa 1935/36, wakati ule ule vijana wa Kariakoo walipokuwa wanaunda timu yao. Katika zama za ukoloni, kujiita jina la Kizungu ilikuwa ndiyo fasheni.

Lakini kufika mwaka 1971 nchi ilikuwa na miaka kumi ya uhuru na miaka minne tangu Azimio la Arusha. Bara zima lilikuwa linafuta majina ya zamani. Mwaka huo huo Kongo ikaitwa Zaire, na mabingwa wa Afrika wa 1967 na 1968, TP Englebert ya Lubumbashi, nao baadaye wakawa Mazembe. Katika hali hiyo, klabu kubwa ya Dar es Salaam kuendelea kubeba jina la mji wa Uingereza ilianza kuonekana kichekesho.

Simulizi inayokubalika Msimbazi ni kwamba Karume ndiye aliyewahimiza kuliacha. Mwaka 1971 Sunderland ikafa, ikazaliwa Simba. Rangi zilibaki nyekundu na nyeupe, wanachama walibaki wale wale, mtaa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa shabiki wa Kigoma au Lindi asiyejua England iko wapi aliweza kulitamka jina la timu yake bila kulivunja.

Jina likafanya kazi haraka. Mwaka 1973 Simba ikachukua ubingwa wake wa kwanza kwa jina hilo na kukata ule mnyororo wa Yanga. Mwaka 1974 ikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Leo mnyama huyo anaunguruma Afrika nzima, na watoto wanaovaa jezi yake hawajui kama kuliwahi kuwa na Sanda.

Inafaa kuangalia jambo moja. Mtu anayehesabiwa na wengi kuwa wa upande wa Jangwani ndiye anayetajwa kwenye jina la upande wa pili. Angeweza kunyamaza, akawaacha watani wabaki na jina la kuchekwa. Hakufanya hivyo, na utani wa jadi ukapata pande mbili zenye heshima sawa.

RISASI ZA KISIWANDUI

Jioni ya Aprili 7, 1972, Karume alikuwa makao makuu ya ASP, Kisiwandui, akicheza bao na rafiki zake kama ilivyokuwa kawaida yake. Watu wenye silaha wakaingia wakafyatua risasi. Alikufa hapo hapo, na hapo hapo Kisiwandui akazikwa. Aboud Jumbe akashika nafasi yake.

Hakuiona Simba ikiwa bingwa kwa jina jipya. Hakuona Yanga na Simba wakimalizana kule Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, mechi ambayo Yanga ilishinda 2-1 na ambayo wazee wanaisimulia hadi leo. Na pengine ni heri hakuona Yanga ikipasuka katikati ya miaka hiyo ya 1970 na kuzaa Pan African, maana wanachama walipogombana, nyumba aliyosaidia kuijenga ikawa moja ya vitu vya kugombaniwa.

Uwanja wa Ilala ukapewa jina lake, na tarehe ya kifo chake ikawa sikukuu ya taifa. Ndiyo maana kila mwaka Aprili 7 ofisi zinafungwa.

NYUMBA NA JINA

Kariakoo ya sasa si ile. Jangwani iko kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha maji hayaulizi kama hapa ni kwa mabingwa. Uwanja wa Kaunda umefunikwa na maji na tope mara nyingi hadi timu ikawa inafanya mazoezi kwingine. Wachezaji wa leo hawalali ghorofani pale. Wanalala kwenye kambi za kisasa na wanalipwa fedha ambazo nyota wa 1969 hawakuwahi hata kuziota.

Klabu zenyewe zinabadilika sura. Wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa, asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 zibaki kwa wanachama. Yanga nayo imefuata njia ya mabadiliko. Wafadhili wana ndege, mabasi na mikataba. Katika mazungumzo hayo ya thamani na hisa, swali linalorudi kila mkutano mkuu ni moja: mwanachama wa kawaida anamiliki nini hasa?

Jibu la haraka liko mitaani. Cosmopolitan ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1967, mbele ya Yanga na Simba, lakini sehemu kubwa ya maisha yake baadaye imekuwa madaraja ya chini. Wachezaji wazuri ilikuwa nao. Ila Yanga na Simba zilipopita kwenye njaa, migogoro, kesi na miaka mibaya, kila moja ilikuwa na mlango unaojulikana na jina ambalo nchi nzima inalitamka. Timu inaweza kufungwa, kocha akafukuzwa, mwenyekiti akaangushwa, lakini wanachama wanajua wakutane wapi na wajiite nani.

Kocha anaondoka na mbinu zake na mfadhili anaondoka na hela zake. Karume hakuifundisha Yanga wala hakuichezea Simba. Aliwasaidia watu wa Kariakoo kupata vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida hapokonywi kirahisi, akiviangalia vizuri. Kuviangalia ni kazi ya wenye kadi waliobaki.